Daktari Aliyewaambia Wenziwe: Naweni Mikono

Sisi tuliosomea chuoni huku pwani, jambo la mwanzo tulilofunzwa kabla ya kuushika msahafu lilikuwa kunawa. Mwalimu alitueleza kwamba kuna usafi na kuna twahara, na viwili hivyo si kitu kimoja. Mkono waweza kung'aa machoni pa watu na bado ukawa na najisi. Na najisi, alituambia, huangaliwa kwa mambo matatu: rangi yake, harufu yake na ladha yake. Usiharakie kusema imetoka na hali harufu ingali puani.

Maneno hayo yalinirudia niliposoma habari za Ignaz Semmelweis, daktari wa Hungaria aliyezaliwa katika mji wa Buda mwaka 1818. Mtu huyu hakusomea chuo chetu wala hakuijua sheria yetu ya twahara. Lakini harufu iliyobaki mkononi ndiyo iliyomfungulia mlango wa siri kubwa, na siri hiyo ndiyo iliyomtia mashakani na wenziwe.

Mwaka 1846 Semmelweis alianza kazi ya msaidizi wa profesa katika Hospitali Kuu ya Vienna, huko Austria. Upande wa uzazi ulikuwa na wadi mbili. Wadi ya Kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao wa udaktari. Wadi ya Pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wao. Wanawake waliingizwa kwa zamu ya siku: wa leo huku, wa kesho kule. Hakuna aliyechaguliwa kwa unene wala kwa udhaifu, kwa utajiri wala kwa ufukara.

Hata hivyo, mauti yalichagua. Kuanzia mwaka 1841 hadi 1846, katika kila wazazi 100 walioingia wadi ya madaktari, karibu 10 walikufa. Katika wadi ya wakunga hawakufika 4. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule, homa ya uzazi. Mama hujifungua salama, kisha baada ya siku chache mwili huwaka moto, tumbo huvimba, na mtoto huachwa yatima kabla hajapewa jina.

Wanawake wa Vienna waliijua tofauti hiyo kabla ya maprofesa kukubali kuitazama. Walipiga magoti, wakalia, wakaomba wasipelekwe Wadi ya Kwanza. Wengine walijifungua njiani wakielekea hospitali, na hao waliozalia barabarani walipona zaidi kuliko waliozalishwa na mabingwa. Hapo ndipo mtu mwenye akili alipaswa kuuliza: Je, kuna nini ndani ya nyumba ya tiba kisichoko barabarani?

Semmelweis aliuliza. Wakubwa wake walisema ni hewa mbaya. Akajibu kwamba hewa ya mji mmoja haiwezi kupita wadi hii na kuiacha ile. Wengine walisema ni msongamano. Lakini wadi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi, maana kila mtu aliikimbilia. Alibadilisha namna ya kuwalaza wazazi, wakazaa kwa ubavu kama kwa wakunga. Hapakuwa na nafuu. Hata kasisi aliyekuwa akipita na kengele yake kwenda kuwaombea mahututi aliombwa apite njia nyingine, isije ikawa ni hofu ya kengele inayoua. Vifo havikupungua.

Jawabu lilikuja kwa msiba. Mwezi Machi, 1847, alirudi kutoka safari ya Venice akakuta rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, amekwisha kufa. Kolletschka alikuwa akipasua maiti pamoja na wanafunzi, na kisu cha mwanafunzi kikamjeruhi. Semmelweis alipoisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, aliona dalili zile zile alizozizoea katika miili ya wazazi. Rafiki yake alikuwa mwanamume, wala hakuzaa. Basi iliyomuua haikuwa homa ya uzazi peke yake. Kilichomuua ni kitu kilichotoka kwenye maiti kikaingia katika damu.

Hapo mambo yalimfunukia. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakianza siku katika chumba cha maiti, wakipasua na kuchunguza, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Madaktari walinawa, naam, kwa maji na sabuni. Lakini harufu ya maiti ilibaki vidoleni. Semmelweis alifikiri kwamba palipo na harufu, kitu chenyewe nacho bado kipo. Akatafuta dawa ya kuiondoa harufu hiyo, akachagua chokaa yenye klorini. Mnamo Mei 1847 akaamuru kwamba asiingie mtu wadini bila ya kuosha mikono kwa maji ya dawa hiyo.

Mwezi Aprili, kabla ya amri hiyo, katika kila wazazi 100 wa Wadi ya Kwanza walikufa 18. Mwezi Juni walikufa kama 2, na Julai kama 1. Mwaka uliofuata, 1848, kulikuwa na miezi miwili, Machi na Agosti, ambayo hakufa hata mzazi mmoja kwa ugonjwa huo.

Baina ya hapo alipata funzo jingine. Oktoba 1847 alilazwa mwanamke mwenye saratani ya kizazi inayotoa uchafu. Madaktari walimpima yeye kwanza, kisha wakawapima wenziwe bila ya kunawa kwa dawa. Katika wazazi 12, walikufa 11. Ikadhihirika kwamba hatari haikuwa ya maiti tu. Hata mtu aliye hai aweza kuwa chemchemi ya sumu, na mkono ndio mfereji.

Msomaji mpenzi, ungedhani mji mzima ungemshangilia. La! Wapo waliomkubali, lakini wakubwa wengi walimpinga, na mwaka 1849 kazi yake haikuongezewa muda. Sababu za kielimu zilikuwapo, kwa kuwa vijidudu vilikuwa havijathibitishwa bado, na hakuweza kueleza vizuri hiyo sumu ni kitu gani. Lakini chini ya sababu hizo palikuwa na nyingine nzito. Kukubali maneno yake ni kukubali kwamba mkono uliokwenda kuponya ndio uliokuwa ukiua. Ni bwana gani mwenye cheo na ndevu nyeupe atakayehesabu makaburi ya miaka 20 na kusema, haya ni yangu?

Alikuwapo mmoja aliyekubali. Gustav Adolf Michaelis, daktari wa Kiel huko Ujerumani, aliipokea habari hiyo na akaanza kunawa kwa dawa. Lakini alikuwa amemzalisha jamaa yake, naye akafa kwa homa hiyo hiyo. Moyo wake haukuweza kuubeba mzigo, na mwaka 1848 alijiua. Tusiwacheke upesi basi wale waliokataa. Ukweli huu ulikuwa mchungu kweli kweli.

Lakini na Semmelweis naye alikuwa na upungufu wake, na mimi niliyekula chumvi kwa kazi ya kalamu ndio unaonigusa zaidi. Hakuandika. Mwaka 1847 habari zake ziliandikwa na rafiki yake, Ferdinand von Hebra. Yeye mwenyewe alihutubia chama cha madaktari mwaka 1850, kisha mwaka huo huo akaondoka Vienna ghafla akarudi kwao Pest. Huko aliendelea kuokoa wazazi, lakini kitabu chake hakikutoka ila kama miaka 14 baada ya kuvumbua. Kilipotoka, kilikuwa kirefu na kilichojaa ugomvi. Kisha akaandika barua za wazi akiwaita wapinzani wake wauaji. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana kila mwaka wa ukaidi ulikuwa na jeneza zake. Lakini matusi hayakumnawisha mtu mikono.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Akili ilipochafuka, alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, na baada ya wiki mbili tu, tarehe 13 Agosti, 1865, akafa akiwa na umri wa miaka 47. Aliuawa na jeraha lililooza likatia sumu damuni, yaani na adui yule yule aliyepigana naye maisha yake yote. Na ajabu ya Mungu, siku moja kabla, tarehe 12 Agosti, katika mji wa Glasgow, daktari Joseph Lister alikuwa akilifunga jeraha la mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gari, akitumia kitambaa kilichotiwa asidi ya kaboliki. Mtoto alipona, na upasuaji salama ukaanza safari yake. Mwaka 1879 Louis Pasteur akawaonyesha madaktari wa Paris kijidudu cha homa ya uzazi. Leo chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kinaitwa kwa jina la Semmelweis.

Homa hiyo haijatoweka duniani. Ingali ikiua wazazi, hasa pale ambapo maji ni ya shida na sabuni ni ya kuhesabiwa. Kwa hiyo mama anayemuuliza daktari au mkunga, "Je, umenawa?" hamvunjii mtu heshima. Analiuliza swali lililogharimu roho nyingi kabla ya kujibiwa.

Kweli japo ni ya haki, ikikosa msemaji,
Huzikwa haitamki, kama jiwe kwenye maji,
Mkono hausafiki, kwa cheo wala mtaji,
Mwenye kiburi hataki, kuitwa ni muuaji.