Bibi Paula Kahumbu, Mtetezi wa Ndovu: Habari Zake na Faida Yake kwa Mkulima wa Kwale

Mkulima anayelima karibu na msitu wa Shimba akisikia kwamba kuna mtu anayeitwa mtetezi wa ndovu, huenda akacheka, au akakasirika. Yeye anamjua ndovu kwa namna nyingine. Anamjua kwa migomba iliyolazwa chini alfajiri, kwa mahindi yaliyokuwa yamebakiza wiki mbili kuvunwa na sasa hayapo, na kwa watoto wanaochelewa shule kwa kuogopa njia. Wahenga walisema, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Na mlaji huyu, ndovu aliyekomaa, aweza kula kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku moja.

(Wasomaji wa bara watatusamehe tukisema ndovu. Kwetu pwani, tembo ni la mnazi.)

Basi mwezi huu tumeona yafaa kukuelezea, msomaji, habari za Bibi Paula Kahumbu. Yeye ni Mkenya aliyetumia maisha yake kutetea wanyama wa mwitu, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata hapa hapa Kwale, katika msitu wa Diani na katika milima ya Shimba. Ukisoma habari zake utaona kwamba kumtetea mnyama na kumtetea mkulima si lazima yawe mambo mawili yanayopigana.

PIMBI JUU YA MTI

Bibi Kahumbu alizaliwa Nairobi mwaka 1966, mmoja wa watoto tisa. Siku moja utotoni, yeye na nduguye walikuwa wakimtazama mnyama aliye juu ya mti ambaye hawakumjua. Jirani yao akapita, akasimama, akawaambia huyo ni pimbi. Akawaeleza pia jambo la ajabu, kwamba pimbi, ingawa ni mdogo kama sungura, ni jamaa ya ndovu. Jirani huyo alikuwa Bwana Richard Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Tangu siku hiyo mtoto Paula alijua mahali pa kupeleka maswali yake.

Alisoma Bristol, Uingereza, kisha Florida na Princeton huko Marekani. Lakini somo lililomwingia zaidi hakulipata chuoni. Alipokuwa angali kijana alipewa kazi ya kupima na kuhesabu pembe za ndovu katika ghala la serikali. Fikiri kazi hiyo, msomaji. Kila jozi ya pembe ni ndovu mmoja aliyekufa, na pembe fupi ni za ndovu ambaye hakupata kukua. Alihuzunika hata akaazimia kwamba hatajishughulisha na ndovu tena. Akaenda kuchunguza kima wa misitu ya Mto Tana.

Miaka hiyo ilikuwa mibaya. Mwanzo wa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Ilipofika 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000, maana majangili walikuwa wamewamaliza kwa bunduki. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi ili dunia yote ione kwamba Kenya haitaki biashara hiyo. Mwaka huo huo mataifa yalipatana kuzuia biashara ya pembe kati ya nchi na nchi.

MBEGA WA DIANI

Katika miaka ya 1990 Bibi Kahumbu alikuja Diani kuchunguza msitu wa juu ya matumbawe, ule uliobaki kati ya hoteli na barabara. Alitaka kujua hoteli na majumba mapya yaliuathiri vipi msitu na jamii za kima waliomo. Hapo ndipo anapokaa mbega, mweusi mwenye manyoya meupe mabegani na ncha nyeupe ya mkia. Wadigo humwita kuluzu, na ndiyo sababu chama kilichoanzishwa Diani mwaka 1997 kumlinda kiliitwa Wakuluzu.

Mbega walikuwa wakigongwa na magari walipovuka barabara, na wengine walikuwa wakiuawa na nyaya za umeme. Chama kilitundika madaraja ya kamba na mpira juu ya barabara, kutoka mti hadi mti, na mbega wakajifunza kupita huko. Tena kilipunguza matawi yaliyogusa nyaya za umeme. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo.

Mkulima na aelewe jambo moja hapa. Nyani na tumbili ni wezi wa shamba, hilo halina ubishi. Lakini mbega chakula chake kikubwa ni majani ya miti. Mtu anayempiga mbega kwa kosa la nyani amemwadhibu asiye na hatia. Na mwenye hoteli au mgeni anayempa tumbili mkate, anamfundisha kuingia jikoni kwa jirani.

KURUDI KWA NDOVU

Azimio lile la ujanani halikudumu. Bibi Kahumbu aliwarudia ndovu, na mahali alipowarudia ni Shimba. Mwaka 2002 alipata shahada ya udaktari huko Princeton kwa uchunguzi wake juu ya ndovu wa msitu huo.

Shimba ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Ndiyo mahali pekee nchini Kenya pa kumwona palahala, na maji ya chemchemi za Marere hutoka huko kwenda Mombasa. Lakini mashamba yameuzunguka msitu pande zote. Ndovu wa zamani alikuwa akitoka Shimba akienda mbali kwa njia zake. Ndovu wa leo akitoka, mguu wake wa kwanza hukanyaga mhogo wa mtu.

Taabu hii ilijulikana mapema, na wakulima wenyewe walijaribu dawa. Upande wa kaskazini, kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje, jamaa nyingi za Waduruma na Wadigo walikuwa wakilima katika njia ya ndovu na kuvuna kidogo sana. Wakakubaliana kuitoa ardhi yao iwe hifadhi, kila mwenye shamba akiwa na fungu lake, na fedha za wageni wagawane. Hifadhi ya Mwaluganje ilifunguliwa mwaka 1995. Walifika mpaka kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu na kuiuza. Mapato hayakuwa makubwa kila mwaka, kwa kuwa wageni wakipungua pwani, fungu la mwenye ardhi nalo hupungua. Lakini jambo lenyewe lilikuwa jipya: mnyama aliyekuwa akileta njaa tu, sasa alileta hata ada ya shule.

Serikali nayo ilijaribu dawa nyingine. Mwaka 2005 KWS iliwapakia katika malori ndovu wapatao 150 wa Shimba ikawapeleka Tsavo Mashariki. Na kuna ua wa umeme. Ua ni mzuri, lakini ukikatwa mahali pamoja tu, ndovu atapajua hapo kabla yako.

VITA VYA MAHAKAMANI

Baada ya Shimba, Bibi Kahumbu alifanya kazi Bamburi. Huko kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004, alifanya urafiki na kobe mzee sana aitwaye Mzee. Bibi Kahumbu alishiriki kuandika kitabu cha watoto juu yao, na kimesomwa nchi nyingi. Tangu 2007 ameongoza shirika la WildlifeDirect.

Miaka michache baadaye majangili walirudi kwa nguvu. Mwaka 2013 shirika lake lilianzisha kampeni ya kuwakomesha, naye Bibi Margaret Kenyatta, mke wa Rais wakati huo, akakubali kuwa mlezi wake. Lakini kampeni hiyo haikuwa ya kelele tu. Watu wa Bibi Kahumbu waliingia mahakamani na kufungua majalada ya kesi za wanyama tangu 2008. Wakaona kwamba katika kila watu 100 waliopatikana na hatia, 4 tu ndio waliofungwa jela. Wengine walilipa faini ndogo wakaenda zao. Majalada mengine hayakuonekana kabisa.

Sheria mpya ya wanyamapori ilipitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi Januari 2014. Sheria hiyo ilipoanza, aliyemuua ndovu au kifaru aliweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kufungwa maisha. Watu wa shirika lile wamekuwa wakikaa mahakamani, pamoja na zile za Mombasa, kusikiliza na kuandika kesi zinavyokwenda. Si kila kesi imeshinda. Mshtakiwa mmoja wa Mombasa katika kesi ya tani mbili za pembe alihukumiwa miaka 20 mwaka 2016, kisha Mahakama Kuu ikamwachilia mwaka 2018. Lakini ndovu wameongezeka. Hesabu ya 2021 iliwakuta 36,280 Kenya nzima. Mwaka huo huo Bibi Kahumbu alipewa tuzo kubwa ya Whitley huko Uingereza.

NAWE MKULIMA, UFANYE NINI?

Pengine utauliza: ndovu wakiongezeka, mimi nitakula nini? Swali hilo ni la haki, na sheria ile ile ya 2013 ilikukumbuka. Mtu akiuawa na mnyama wa mwitu aliyetajwa katika sheria, jamaa zake wana haki ya shilingi milioni 5. Akipata kilema cha maisha, milioni 3. Akijeruhiwa, mpaka milioni 2. Hasara ya mimea na mifugo nayo ina malipo yake. Wakulima wengi wamelalamika kwamba malipo haya hukawia mno, na malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini asiyepeleka habari kabisa hana hata jalada la kungojea. Basi shika haya:

Kwanza, shamba likiingiliwa, peleka habari upesi kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, na umweleze chifu wako pia. Usifute nyayo wala usiling'oe lililobaki mpaka ofisa afike aone.

Pili, mwite bwana shamba akadirie hasara. Ukipata picha, piga. Weka nakala ya kila karatasi.

Tatu, usimfuate ndovu usiku kwa mshale, mkuki wala sumu. Ndovu mwenye jeraha ni hatari kwa kijiji kizima, nawe utakuwa umejitia katika sheria. Mbwa wako akiuonja mzoga wenye sumu, hasara ni yako.

Nne, jaribu nyuki. Mtaalamu Lucy King alichunguza katika Kenya akaona kwamba ndovu hukimbia sauti ya nyuki. Huko Sagalla karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga yote hutikisika. Majira ya mazao, zaidi ya robo tatu ya ndovu waliosogea waligeuka. Wakati wa ukame nyuki huhama na ua huo hupungua nguvu, kwa hiyo yataka maji na maua karibu. Lakini ua gani mwingine utakaokupa asali?

Tano, msilime kila mtu peke yake pembeni mwa msitu. Mashamba yaliyoungana hulindwa kwa zamu, na doria moja yatosha kwa jamaa kumi.

Bibi Kahumbu aliwarudia ndovu baada ya huzuni ya pembe ghalani, wala hakuacha kazi alipoona majalada yamepotea mahakamani. Mkulima naye asiiache haki yake kwa sababu ya safari moja ya ofisini iliyokuwa bure. Arudi tena, na karatasi zake mkononi. Na wakulima wa kijiji kimoja wakienda pamoja, watasikilizwa upesi zaidi.