Kihisi cha Sukari: Tuisome Namba, Tumtazame na Mgonjwa



Sisi ni watu wa pwani tulioweka makazi Kambu, katika kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Biashara ndiyo iliyotuleta huku, na Mama yetu mzazi tunaishi naye. Ana kisukari cha miaka mingi, naye hujidunga insulini kila siku. Ndugu yetu aliye Muscat alimletea kihisi cha sukari, kidude cha duara mfano wa sarafu, kinachobandikwa nyuma ya mkono wa juu na kupeleka namba kwenye simu usiku na mchana. Tulimshukuru Mola, tukadhani tabu ya kuchoma vidole imekwisha.

Usiku wa tatu, yapata saa nane, simu ililia kengele. Namba ilisoma 3.1, nasi twajua kuwa chini ya 3.9 sukari imeshuka. Tulimkuta Mama amelala ubavu wa kushoto, juu ya mkono ule ule wenye kihisi. Tulipomwamsha alisema, "Sina neno, wanangu. Nina usingizi tu." Hatukumsikiliza. Tulimnywesha bilauri nzima ya maji ya sukari, na namba ilipokawia kupanda tukamwongeza ya pili. Baada ya swala ya alfajiri ndipo tulipokumbuka kumchoma kidole. Sukari ilikuwa 17.2, na siku ile alishinda na kiu na uchovu.

Muuguzi tuliyemweleza habari hii alituuliza swali moja tu: "Alikuwa ameulalia mkono upi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwani tunajua nyumba nyingine zinazotumiwa vifaa hivi na jamaa walio ng'ambo, pasi na mtu wa kuzieleza jinsi ya kuvisoma.

La kwanza kulifahamu ni kwamba kihisi hakipimi damu. Uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi, katika majimaji yaliyo baina ya chembe za mwili. Sukari huingia kwanza katika damu, kisha ndipo ifike kwenye majimaji hayo, na hapo hupita dakika tano, kumi, pengine kumi na tano. Sukari ikiwa imetulia, kidole na kihisi hukaribiana. Ikiwa inapanda baada ya chakula, au inashuka baada ya insulini, kihisi huonyesha hali iliyokwisha kupita. Ndiyo maana namba ya Mama ilikawia. Hata kama sukari yake ingekuwa imeshuka kweli, damu ingalipanda mapema na simu ikabaki nyuma.

La pili ni kulalia mkono. Uzito wa mwili huyabana majimaji yale pale penye kihisi, na namba ikashuka ilhali damu ni salama. Mgonjwa akigeuka, namba hurudi mahali pake baada ya muda. Kengele ikilia usiku, basi, mgeuzeni mgonjwa, mtazameni kama anatetemeka, anatoka jasho au amechanganyikiwa, kisha mchomeni kidole. Kama dalili zipo na kipimo cha kidole hakipo karibu, msingoje. Mpeni sukari vijiko vitatu vya chai, au asali kijiko kimoja cha mezani, kisha subirini dakika kumi na tano na kupima tena kwa kidole, si kwa kihisi. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

La tatu ni siku ya kwanza. Kihisi kipya huhitaji muda kuzoeana na mwili, na katika saa 24 za mwanzo namba zake hazitegemewi sana. Pabandikwe mahali pasafi, palipopanguswa kwa spiriti na kukauka. Sisi watu wa pwani hupenda kujipaka mafuta ya nazi baada ya kuoga, nayo hukifanya kibanduke upesi. Kihisi kinachoning'inia hakisomi sawasawa. Kila kinapobadilishwa, kihamishiwe mkono wa pili.

Joto nalo lina neno. Aghalabu vihisi ambavyo havijafunguliwa havitakiwi kukaa penye joto la zaidi ya nyuzi 30. Anayeijua Kambu mchana wa kiangazi, au gari lililofungwa vioo Mombasa, ataona hatari ilipo. Kifurushi kisiachwe kwenye buti la basi wala dirishani mwa duka. Kisomeni kikasha, kwani kiwango cha joto na tarehe ya mwisho vimechapishwa hapo.

Dawa nazo huweza kuipotosha namba. Vitamini C ya zaidi ya miligramu 500 kwa siku huweza kupandisha kwa uongo namba za baadhi ya vihisi vya FreeStyle Libre, ilhali vile vidonge vya kuyeyusha majini, ambavyo wengi wetu hunywa kwa mafua, huwa na miligramu 1000 kimoja. Panadol hupandisha namba za baadhi ya vihisi vya Medtronic. Haidroksiyurea, dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa selimundu, huvipotosha vya Dexcom. Hatari iko wazi: namba iliyopanda kwa uongo humfanya mtu ajidunge insulini asiyoihitaji. Dawa aliyoandikiwa mgonjwa isiachwe kwa sababu ya kihisi. Aulizwe daktari, na siku hizo kidole ndicho kitegemewe.

Kidole nacho kina adabu yake. Makueni ni nchi ya maembe, na jirani zetu Wakamba hawatuachi tukose. Mtu akimenya embe au akishika tende kisha akachoma kidole bila kunawa, atapima sukari ya tunda badala ya damu yake. Anawe kwa maji na sabuni, ajifute akauke, ndipo achome.

Mkitaka kulinganisha vipimo viwili, fanyeni hivyo sukari ikiwa imetulia, mshale wa simu umelala, kabla ya chakula. Msitafute namba zinazofanana kabisa. Kidole kikisoma 10, na kihisi kikasoma baina ya 8 na 12, hapana ubaya. Tofauti ikizidi hapo tena na tena, kihisi kile kina kasoro. Tazameni pia kipimo kinachotumika. Huku kwetu twahesabu kwa milimoli, lakini kifaa kilichonunuliwa Marekani huonyesha miligramu. Mkiona 126 msishtuke, gawanyeni kwa 18 mpate 7.

Twaja kwenye Ramadhani, ambapo namba hizi hugusa ibada. Wapo akina mama wanaoogopa kuchoma kidole mchana wakidhani saumu itabatilika. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kuwa kutoa damu kwa ajili ya vipimo hakubatilishi saumu. Basi asiyepima kwa hofu hiyo anajinyima jambo aliloruhusiwa. Mwongozo wa matabibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na wenzao wa kisukari na Ramadhani unasema mgonjwa afungue sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, na pia akijihisi vibaya. Kabla ya kufungua kwa sababu ya namba ya simu pekee, achome kidole akiwa na nafasi. Akiwa na dalili, afungue mara moja. Allah amempa mgonjwa ruhusa katika Sura ya al-Baqara, na kuipokea ruhusa hiyo si upungufu wa imani.

Haya yote hatukuyaandika ili kukishusha thamani kihisi. Kimetuonyesha jinsi sukari ya Mama inavyokwenda usiku, na jinsi uji wa futari unavyoipandisha kuliko tulivyodhani, mambo ambayo kidole kimoja asubuhi kisingetuambia. Ila sasa kila twonapo namba isiyolingana na uso wa Mama, au kabla ya kumdunga insulini kwa namba tuliyoitilia shaka, twachukua stripu na kuhakikisha.

Usiku wa juzi kengele ililia tena. Tulimgeuza, tukamwosha kidole, tukapima: 6.4. Mama alitutazama akasema, "Niliwaambia sina neno." Tukazima taa, tukalala.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awajaalie subira wanaowauguza. Amin.