Antivirusi Inapokataa Kusasishwa: Maelezo kwa Makatibu wa Parokia

Makatibu wa parokia za Ibanda, Kadutu na Bagira wananiuliza mara kwa mara swali lile lile: "Mchungaji, antivirusi inaonyesha alama nyekundu, inasema imeshindwa kusasishwa. Tufanye nini?" Wengine wameshaizoea alama hiyo, wanaifunga na kuendelea kuandika barua. Hilo ndilo linanisumbua. Ndani ya kompyuta zile mna daftari za ubatizo na za ndoa, hesabu za sadaka, na tangu vita ilipoingia mjini kwetu mwezi wa 2, 2025, mna pia orodha za jamaa waliokimbia makwao. Majina na namba za simu za watu waliokimbia si kitu cha kuacha mlango wazi.

Kwanza tuelewe ni nini kinachosasishwa. Antivirusi ni kama mlinzi wa getini, sentinele kama tunavyosema hapa. Fimbo yake haitoshi, inapashwa azijue sura za wezi. Sura hizo ndizo zinazoitwa definisheni: faili lenye alama za virusi vilivyokwisha kujulikana. Kwa antivirusi ya Defender iliyo ndani ya Windows, Microsoft hutoa definisheni mpya mara kadhaa kila siku. Programu yenyewe inaweza kuwa ya kisasa kabisa, lakini kama orodha yake ni ya miezi sita iliyopita, sentinele atamwamkia mwizi mpya na kumfungulia geti. Ni kweli kwamba antivirusi za siku hizi hutazama pia mwenendo wa faili na kuuliza seva za mbali kupitia intaneti. Lakini intaneti yetu tunaijua, basi orodha iliyo ndani ya mashine inabaki kuwa tegemeo kubwa.

Tena, virusi vyetu haviji sana kwa barua pepe. Vinakuja kwa flashi. Mtu anapeleka programu ya ibada sekretaria ya barabarani ili ichapwe, flashi inarudi ofisini, na folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato.

Sasa, usikimbilie kufuta programu na kuiweka upya. Soma kwanza ujumbe kwenye skrini, na uandike namba ya kosa kwenye karatasi. Namba hiyo inasema mengi. Kwenye Windows, 0x80072EE7 maana yake kompyuta imeshindwa kulipata jina la seva, kwa hiyo shida ni ya mtandao. 0x80072EE2 maana yake imeita ikangoja mpaka muda ukaisha. 0x80070070 maana yake diski imejaa, na hapo dawa ni kuhamisha video za kongamano la vijana, si kumwita fundi.

Sehemu kubwa ya makosa haya inatokana na namna tunavyopata intaneti. Ofisi nyingi hazina laini yake. Katibu anafungua simu yake, kompyuta inakula mega za simu. Windows inaweza kuutambua mtandao wa namna hiyo kama mtandao unaolipiwa kwa kipimo, au mtu mwenyewe ameuwekea alama hiyo ili mega zisiishe. Hapo masasisho yanazuiliwa, na Defender nayo kwa kawaida haishushi definisheni. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao ule, ondoa alama ya kipimo kwa muda, sasisha, kisha uirudishe. Angalia pia kama mega zenyewe zipo. WhatsApp kuendelea kufanya kazi si ushahidi, maana kuna vifurushi vinavyoruhusu WhatsApp peke yake.

Sababu ya pili ninaitaja kwa urefu kwa sababu watu hawaitegemei: saa. Katika kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kwa kompyuta za mezani mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, ambayo inaifanya saa iendelee hata umeme ukikatika. Hapa kwetu SNEL inakata umeme kila mara, kompyuta inabaki bila umeme siku nzima, na betri ikiwa imekufa mashine inaamka ikidhani tuko mwaka 2010. Basi inaita seva ya masasisho. Seva inajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inatazama cheti, inaona kitaanza kutumika miaka mingi mbele, na inakikataa kama cha kughushi. Haikosei, inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila imedanganywa na saa yake. Kosa la namna hii mara nyingi huja na namba 0x80072F8F, na tovuti nyingi nazo zitakataa kufunguka siku hiyo. Rekebisha tarehe na mwaka, jaribu tena, halafu ununue betri mpya, la sivyo kesho asubuhi utaanza upya.

Nikiwa hapo hapo kwenye saa: nchi yetu ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Kompyuta iliyotengenezwa huko mara nyingi huja na majira ya Kinshasa, na katibu wa Bukavu anasogeza mishale kwa mkono. Tofauti ya saa moja kwa kawaida haizuii masasisho, lakini inavuruga saa za barua na za faili. Chagua majira yanayoandikwa Harare, Pretoria, ndiyo yetu.

Kuna kompyuta ambazo tatizo lake ni uzee. Parokia kadhaa bado zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 mwezi wa 1, 2020. Zaidi ya hayo, tangu mwezi wa 10, 2019, definisheni za Microsoft zinatiwa sahihi kwa njia mpya inayoitwa SHA-2 peke yake. Windows 7 ambayo haikupata sasisho la kuielewa sahihi hiyo haiwezi kuzipokea, hata ukiwa na mega za kutosha. Windows 10 nayo imefikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Kwa maoni yangu, kompyuta ya Windows 7 iondolewe kwenye intaneti, itumike kuandika tu, na orodha za watu zihamishwe.

Angalia tena kama kuna antivirusi mbili. Mara nyingi kompyuta inanunuliwa ikiwa na antivirusi ya majaribio ya muda mfupi. Ikiingia hiyo, Defender inajiweka kando. Muda wa majaribio ukiisha, ile ya kwanza inaacha kupokea orodha mpya, na kumbe imebaki imekaa kwenye kiti. Iondoe kabisa, uzime na kuwasha, halafu uhakikishe kwamba Defender imeamka.

Mara chache kosa ni la mtengenezaji mwenyewe. Tarehe 19 mwezi wa 7, 2024, kampuni ya CrowdStrike ilituma faili la masasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zikaanguka. Ndege zilibaki uwanjani. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kukataa masasisho.

Kama yote hayo ni sawa na bado inakataa, huenda orodha ya ndani imeharibika, labda umeme ulikatika katikati ya kushusha. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, ingia kwenye folda ya Windows Defender iliyo ndani ya Program Files, andika MpCmdRun.exe -RemoveDefinitions -DynamicSignatures, kisha MpCmdRun.exe -SignatureUpdate. Amri ya kwanza inafuta sehemu inayoweza kuwa na kasoro, ya pili inaita mpya.

Na pale ambapo intaneti haipo kabisa? Microsoft inatoa faili moja, mpam-fe.exe, lenye definisheni zote. Ni zaidi ya mega 100, kwa hiyo parokia moja yenye mtandao mzuri inaweza kulishusha na kuzipatia jirani zake kumi. Lichukueni kwenye tovuti ya Microsoft tu, na mchague toleo linalolingana na mashine, la biti 32 au la biti 64. Litiwe kwenye flashi safi ambayo haiendi sekretaria, mbonyeze mara mbili, mngoje. Halionyeshi kitu chochote likimaliza, na wengi hudhani limeshindwa. Fungueni Defender mtazame tarehe ya definisheni. Ikiwa ni ya leo au ya jana, pimeni kompyuta nzima, kisha flashi zote za ofisi moja moja, hata ile ya kwaya.