Kibali cha Mtafiti si Ridhaa Yako

Wilayani Tarime, mkoani Mara, watafiti wa masuala ya jamii huuliza juu ya ukeketaji, juu ya maisha ya vijiji jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, na juu ya nyumba ntobhu, desturi ya Wakurya ambapo mwanamke humwoa mwanamke mwenzake ili apate warithi. Tafiti hizo zina manufaa kwa taifa, lakini majibu yake hutoka katika siri za watu.

Tuchukue mfano wa mama mkazi wa kata ya Susuni. Mtafiti anabisha hodi akiwa na mwenyekiti wa kitongoji na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kibali hicho kinamruhusu mtafiti kuuliza. Hakimlazimishi mama kujibu. Ridhaa ni yake mwenyewe, wala mwenyekiti hawezi kuitoa kwa niaba yake. Mama ana haki ya kuomba mahojiano yafanyike faragha.

Kabla ya kukubali, tunakushauri uulize:

1. Utafiti huu ni wa nani, na una lengo gani?
2. Je, sauti au picha yangu itarekodiwa? Itahifadhiwa wapi, na nani ataisikia au kuiona?
3. Je, naweza kuruka swali, au kujitoa katikati ya mahojiano?
4. Nikiwa na malalamiko, niyapeleke wapi?

Kuficha jina pekee hakutoshi. Ripoti ikitaja kitongoji, umri na idadi ya watoto, majirani watamtambua mhusika. Aidha, kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998. Jibu likivuja, msichana aliyesema ukweli anaweza kutengwa na ukoo wake. Mtafiti mwadilifu hueleza mapema mipaka ya usiri, hususan pale mtoto anapokuwa hatarini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze madhumuni yake. Taarifa zako zikitumiwa kinyume cha sheria, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kumkaribisha mgeni ni uungwana. Kumfungulia siri za nyumba ni hiari yako.