Fenobabitoni: Dawa Kongwe ya Kifafa Isiyotaka Kuachwa Ghafla

Miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumika sasa, fenobabitoni ni kongwe kuliko karibu zote, kwani nguvu yake iligunduliwa mwaka 1912 na daktari Mjerumani Alfred Hauptmann, aliyewapa wagonjwa wake dawa hiyo ili walale, akaona kwamba hata kuanguka kwao kumepungua. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliitumia katika kliniki ya kifafa aliyoianzisha miaka ya 1960. Bei yake ni nafuu na kazi yake ni nzuri, lakini haitaki mchezo.

Kifafa hutokea chembe za ubongo zinapotoa kwa pamoja mkupuo wa umeme usio na mpangilio, nayo fenobabitoni huzituliza kwa kuipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo yenye kazi ya kupunguza msisimko. Hutoka mwilini polepole sana; ndiyo maana kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, hasa usiku kwa sababu huleta usingizi, na ndiyo maana pia huchukua wiki 2 hadi 3 kabla kiwango chake katika damu hakijatulia. Anayeanguka siku ya tano tangu aanze dawa hana sababu bado ya kusema imeshindwa, wala ya kujiongezea vidonge.

Hatari kubwa zaidi imo katika kuiacha. Ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyimwa dawa ghafla, huchachamaa, na mgonjwa anaweza kuingia katika kifafa mfululizo, yaani mtukutiko unaopita dakika 5 au unaojirudia kabla fahamu hazijarejea, hali inayoweza kuua. Wanaoacha si wakaidi wote: wapo waliokaa miezi bila kuanguka wakadhani wamepona, na wapo waliofika zahanati wakaambiwa dawa imekwisha. Kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari, ambaye hulifikiria jambo hilo baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, kisha huishusha kidogo kidogo kwa miezi. Aliyesahau kidonge asimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Fenobabitoni pia huchochea ini kuvunja dawa nyingine haraka, na hapo ndipo kutoulizana kati ya kliniki na kliniki kunapoleta hasara: mwanamke mwenye kijiti cha uzazi wa mpango au anayemeza vidonge vya majira anaweza kushika mimba asiyoitarajia, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupungua nguvu. Mjamzito asiiache kwa hofu, bali amwone daktari mapema. Pombe ikichanganywa nayo huweza kudhoofisha upumuaji. Baadhi ya watoto, badala ya kusinzia, huwa watundu na wenye hasira, tabia ambayo huenda mwalimu akaiadhibu bila kujua chanzo chake.

Vipele vyenye homa au vidonda mdomoni, hasa wiki za mwanzo, vimpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Hata asipopata dalili hizo, arudi kliniki vidonge vikiwa bado vimebaki vya wiki nzima.