Kwa nini injini iliyoongezwa nguvu huharibika?

Mtahiniwa, chukulia gari lililofungwa turbo likienda kasi katika barabara ya Bagamoyo–Msata. Likifika Fukayosi, injini inaanza kugonga, kisha nguvu inapungua. Chanzo ni nini?

Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Turbo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Fundi asipoongeza petroli kulingana na hewa hiyo, mambo matatu hufuatana:

(i) Hukosekana petroli ya ziada inayosaidia kupoza silinda injini inapobeba mzigo mkubwa, hivyo joto hupanda.

(ii) Sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Hapo ndipo injini hugonga.

(iii) Milipuko hiyo huondoa tabaka jembamba la gesi linaloikinga pistoni. Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali joto la gesi inayoungua hupita nyuzi 2,000. Pistoni hutoboka au ringi huvunjika.

Kinga: fundi apime uwiano wa hewa na petroli kabla ya kuongeza msukumo wa turbo, na acheleweshe kidogo cheche ya plagi. Dereva akisikia injini inagonga, apunguze mafuta mara moja.

Zingatia: usiishie kuandika "injini ilichemka". Eleza chanzo, mfuatano, matokeo na kinga.