Njia ya Misafara: Hongo ya Ugogo na Zeze la Akina Zawose

Katika makala iliyopita ya mfululizo huu wa njia ya misafara, iliyotoka Pwani hadi Tabora, tuliuacha msafara wetu Tura, mizigo imetuliwa, wapagazi wa Kinyamwezi wameshaanza kunusa nyumbani. Leo ilikuwa zamu ya Unyanyembe, nchi ya Tabora, na ndoa za kisiasa za mtemi wake, Fundikira. Naomba msomaji anivumilie nimrudishe nyuma kidogo, ng'ambo ya pori la Mgunda Mkali, mpaka Ugogo, kwa sababu ya albamu moja ya muziki.

Albamu hiyo inaitwa Maisha. Ilitoka Juni 2024 chini ya Real World, kampuni ya kurekodi ya Mwingereza Peter Gabriel, na wenyewe ni wanawake wawili wanaojiita The Zawose Queens: Pendo Zawose, binti wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na Leah Zawose, mjukuu wake. Wanaishi Bagamoyo, na ndiko ilikorekodiwa. Kwa hiyo magazeti ya nje yameiita sauti ya Bagamoyo, na vijana wetu huku Choma wanaoipata kwenye simu wanaidhani muziki wa Pwani. Nadhani ni kosa, na kosa lenyewe linatokana na kuisahau barabara tunayoifuata katika makala hizi.

Tuanze na hongo, yaani ushuru wa kupita, maana msafiri hakupita Ugogo bila kuitoa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, walioondoka Pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, waliilalamikia kama mtu aliyeibiwa. Mpelelezi Stanley naye alilalamika mwaka 1871. Mimi nawatetea Wagogo. Nchi yao ni kavu, visima na malambo vilichimbwa na kulindwa na wenyeji, na msafara wa watu mia kadhaa ungeweza kuyanywa maji ya kijiji kizima kwa siku mbili. Watemi walidai nguo, shanga na waya wa shaba kwa ajili ya maji na chakula, na walidai kwa utaratibu. Leo tunalipa ushuru kwenye vizuizi vya barabarani, wala hatuwaiti maofisa wetu wanyang'anyi. Angalau si mbele yao.

Mazungumzo ya hongo yalichukua siku, wakati mwingine siku nyingi. Mjumbe aende kwa mtemi, arudi, nguo zikataliwe kwa kuwa si za aina inayotakiwa, aende tena. Muda wote huo wapagazi walikuwa kambini hawana la kufanya, na Burton mwenyewe, pamoja na kisirani chake chote, aliandika jinsi walivyokuwa wakiimba na kucheza jioni baada ya kutwa nzima ya mizigo. Mnyamwezi, Msukuma, Mzaramo na Mgogo walikaa moto mmoja. Ala nyepesi ilisafiri vizuri: mtaalamu Gerhard Kubik ameonyesha namna likembe, ndugu wa ilimba ya Wagogo, ilivyotapakazwa Kongo na wapagazi na vibarua, kwa sababu mtu aliweza kuishika mkononi na kuipiga huku akitembea. Sioni kwa nini njia yetu iwe imefanya kazi tofauti. Naamini kambi za hongo zilikuwa shule za muziki kabla hatujajengewa shule yoyote.

Sasa ilimba yenyewe. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma, na ile kubwa ya Wagogo ina vijiti vingi kuliko vidole vinavyoweza kuvifikia. Baadhi havipigwi kabisa. Vimewekwa pale vitetemeke vyenyewe vinapoitwa na jirani zao, na hapo ndipo unapotoka ule mlio unaoendelea kuzunguka baada ya dole gumba kuondoka. Kwenye kisanduku hutobolewa tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mchakacho. Fundi wa studio asiyejua atadhani chombo kimeharibika, aanze kuusafisha mchakacho huo. Zeze nalo, au chizeze kama wasemavyo wenyewe, hupigwa kwa upinde. Na Wagogo wamejenga uimbaji wao wa sauti nyingi juu ya milio ile midogo inayojificha ndani ya mlio mmoja wa uzi. Ndiyo maana wakiimba pamoja wanasikika tofauti na kwaya zetu za kanisani, ambazo mizani yake ililetwa na wamisionari.

Hukwe Zawose aliubeba ujuzi huo kutoka Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960 aingie kwenye kikundi cha taifa, kisha akahamia Bagamoyo, kilipo Chuo cha Sanaa. Fikirieni: Mgogo anaifuata njia ya misafara kuelekea baharini, miaka hamsini na kitu baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na kuwaondolea wapagazi kazi yao. Real World walimtolea albamu ya Chibite mwaka 1996, aliyoifanya na Charles Zawose, na baadaye Assembly, pamoja na Michael Brook, mwaka 2002. Alifariki Desemba 2003.

Katika kazi zile wanawake walikuwepo, lakini nyuma: kuitikia, kucheza, kupiga muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo ni ya wanawake na hushikwa katikati ya mapaja. Zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume. Pendo na Leah wamevichukua. Wanapiga ilimba, wanapiga chizeze, wanapiga ngoma, wanatunga, wanaongoza. Watayarishaji wawili wa Kiingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, wameongeza midundo ya kompyuta hapa na pale, na mahali pengine wameongeza kuliko nilivyopenda, lakini sauti za hao wawili hazikumezwa.

Ninaposikiliza nawakumbuka wanawake wa njia hii ambao vitabu viliwapita. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, aliwarudishia nafasi: wake wa wapagazi waliobeba vyungu, vyakula na watoto, wakapika jioni wanaume walipokuwa wamelala chali. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyeyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, anamtaja mke wa baba yake, Karunde, binti wa Fundikira, na ni kupitia ndoa hiyo familia yake ilipata nguvu Unyanyembe. Wanawake waliishika njia hii. Vyombo tu ndivyo walivyonyimwa.

Na sisi wa Tabora tumefanya nini? Mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz una haki ya kujisifu, lakini sifa zetu ni za gitaa, na za wanaume. Nyimbo za Wagogo, Wasukuma na Wanyamwezi alizorekodi Hugh Tracey mwaka 1950 zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha, na mtoto wa shule ya Igunga hajawahi kuzisikia. Tunawasubiri Waingereza waje kurekodi, kisha tunalalamika kwamba Waingereza wametuchukulia. Ni uvivu, na tumeupa jina la uzalendo.

Nafasi yangu imekwisha, na kuhusu nyimbo zenyewe za Maisha nimesema kidogo. Isikilizeni, uimbaji wa wawili hao unajieleza kuliko mimi. Ombi langu ni kwa maofisa utamaduni wa wilaya za Igunga, Nzega na Uyui, na kwa wakuu wa shule za wasichana: wazee wanaojua kuchonga zeze na ilimba bado wapo vijijini. Waiteni shuleni kabla ya muhula ujao, na vyombo vikishachongwa, wapeni wasichana kwanza.